Wafu wa Luka Tisa

Jumatano, 4 Juni 2025

Leo kiti changu kimekaliwa. Kile cha mbele, chenye mto. Miaka kumi na tano nimekikalia kila Jumatano nikifundisha Biblia hapa kanisani kwetu Silibwet. Pasta Kipkemboi ati anataka tujaribu sauti mpya. Sauti yenyewe ni Mellen, mwalimu wa CRE, somo la dini, aliyekuja sekondari yetu kutoka Nyamira. Miaka ishirini na tisa! Binti yangu Cheptoo ni mkubwa kwake.

Alieleza ule mtini uliolaaniwa na Yesu. Kwamba mitini ya kule huanza kutoa vitunda pamoja na majani, kwa hivyo wenye majani matupu ulikuwa unadanganya watu. Wote wakaandika. Chepngeno, mke wangu mwenyewe, alijaza kurasa tatu. Kwenye darasa langu huwa anafuma sweta.

Kipya kinyemi. Watamchoka.

Alhamisi, 5 Juni

Sentani, pale tunapopimia majani chai, tukingoja lori, wanawake walikuwa bado kwa habari za mtini. Gibson, kiongozi wa kwaya, akanigeukia: "Mwalimu, huyo madam anajua kufafanua, ama?" Nikasema ndiyo, anajaribu. Nikajifanya napekua majani kwenye gunia langu.

Ni wivu. Nimeandika, basi. Hakuna anayesoma hapa.

Jumapili, 8 Juni

Tangazo: mkutano wa walimu wa Biblia, Litein, Agosti. Kila kanisa mtu mmoja. Kila mwaka ni mimi, hata hakuna aliyekuwa akiuliza. Leo Pasta amesema ataamua baada ya darasa la tarehe 18. Ameangalia upande wa Mellen. Nimeona.

Jumatano, 11 Juni

Nimempata! Mwisho wa darasa niliinua mkono kama mwanafunzi. Nikamwomba madam, kwa heshima, wiki ijayo atufungulie Luka tisa, sitini. "Waache wafu wazike wafu wao." Eti kijana anaomba kwenda kumzika babake na Yesu anamjibu hivyo. Mahali ambapo watu huacha hata chai ikomae shambani kwa sababu ya matanga, akifafanua hilo atapata maadui. Mimi mwenyewe jibu langu ni moja siku zote: Kristo kwanza, hata mbele ya wafu.

Akauma kalamu. Akasema, "Hiyo ni ngumu, Mwalimu. Nipe hiyo wiki nisome." Nimerudi nyumbani nikipiga mluzi.

Jumatano, 18 Juni

Hakujikwaa.

Aliuliza swali moja tu. Wayahudi wa wakati ule walizika siku ileile mtu anapokufa. Sasa, kama babake alikuwa amelala maiti nyumbani, kijana huyu alikuwa anafanya nini barabarani, anapiga stori na Yesu? Akaeleza wasomi wanavyosema: huenda mzee alikuwa hai bado na kijana anataka kungoja hadi afe. Ama alishazikwa, na kijana anangoja mwaka uishe waikusanye mifupa na kuiweka kwenye sanduku la jiwe, maana hiyo ilikuwa desturi yao. Kwa vyovyote, Yesu hakumkataza mtu kumzika babake.

Nimesoma mstari huo miaka ishirini. Swali rahisi hivyo! Kwa nini halikunijia mimi? Wivu ulinikaba hadi nikasahau Gibson yuko nyuma yangu.

Ndipo Gibson akainua mkono. "Kwa hivyo, madam, mtu angeenda tu azike, halafu arudi?"

"Angeenda, ndugu. Azike, arudi."

Mwaka wa 2014 mazishi ya babake Gibson kule Londiani yaliangukia siku ya konvensheni yetu, ule mkutano mkubwa wa kanisa. Alinijia akilia, aende ama aimbishe kwaya? Nikamfungulia Luka tisa. Akaimbisha. Ndugu zake walitupa udongo kaburini bila yeye, na mpaka leo hawamwiti hata kwa harusi. Nami nikamsifu madhabahuni kama mfano.

Gibson alifunga Biblia yake taratibu. Hakuniangalia. Afadhali angeniangalia.

Ijumaa, 20 Juni

Pasta amepiga simu. Litein anaenda Mellen. Nimesema amina. Chepngeno ananiuliza kwa nini sili.

Jumamosi, 21 Juni

Saa mbili asubuhi. Gibson yuko sebuleni, amevaa suti. Chepngeno amempa chai, hainywi. Anaenda Londiani kutupa udongo wake kwenye kaburi la mzee, na anataka twende pamoja, niwaeleze ndugu zake.

Nimemwambia amchukue madam. Ndiye anayejua kufafanua. Ndiye anayeenda Litein. Hata hapo, Mungu anisamehe, nimeyasema kwa wivu.

Amejibu polepole: "Mwalimu, madam hakunizuia."

Nikasema nachukua koti. Nimeshalivaa. Nimeketi kitandani naandika, na Chepngeno amesimama mlangoni na Biblia yangu mkononi, ananinyoshea.

Sijui kama niibebe.