Sema Tena, Karatu

Jumanne, Julai 1983. Ukungu haukuondoka hadi saa saba mchana. Nimekunywa chai mara mbili na sikumbuki ladha yake.

Kila Jumanne, nikitoka maabara ya mifugo, nashika zamu kwenye redio ya misheni kuanzia saa kumi. Wanaita kutoka zahanati za mbali: mama ameshindwa kujifungua, mtu kaumwa na nyoka, au mtu amelemewa na anataka kusikilizwa. Mimi naitwa "Karatu" tu. Jina langu hawalijui. Kila kituo kinasikia kila neno.

Leo aliita Lekishon, mfugaji wa Soitsambu. Ndiye aliyewashawishi wenzake wa rika lake watupe ndama wa kujaribia chanjo ya ndigana kali, ugonjwa wa ng'ombe unaoletwa na kupe. Tunamchoma ndama vimelea hai vya ugonjwa, na siku hiyohiyo tunampa dawa ya kuvizuia, kulingana na uzito wake. Mwili ujifunze bila kufa.

Ndama wamekufa. Wenzake wanasema aliwauza kwetu. Alisema, kwa sauti ya kawaida kabisa, kwamba kesho ataingia msituni na asitafutwe.

Nikauliza wamekufa wangapi. Mazoea ya kazi.

Akajibu: "Karatu, unahesabu mifugo ya watu hewani? Wewe ni mtu wa kodi?"

Mtu wa kituo cha Samunge akadakia akicheka: "Msamehe, huyo kakulia kwenye mahindi."

Ni kweli, nimekulia Mbulumbulu, kwa wakulima. Lakini nimefanya kazi na wafugaji miaka kumi. Nilijua kwamba mifugo haihesabiwi kwa sauti.

Niliomba radhi, nikamwomba anitajie kwa rangi. Akawataja polepole. Mwekundu mwenye doa shingoni. Mweusi wa yule ng'ombe kilema. Wa kijivu. Niliwakumbuka. Siku ile ya chanjo mizani ilisahaulika Karatu, nikakadiria uzito kwa macho. Dawa haikutosha.

Nilishaelewa alipomtaja wa tatu. Nilimwacha aendelee hadi wa mwisho.

"Lekishon, mimi ndiye niliyewachoma. Nilikosea kipimo. Wewe huna kosa. Ova."

"Sema tena. Wazee wako hapa mlangoni."

Nikasema tena. Akataka niseme kwa Kimaasai. Nikasema, kwa Kimaasai changu kibovu. Safari hii mtu wa Samunge hakucheka.

"Sauti haina uso," akasema. "Njoo uyaseme haya tukikuona. Nitakusubiri."

"Msituni huendi?"

"Nimesema nitakusubiri, mama."

Mkuu wangu wa maabara atakuwa ameshapata habari. Sioni aibu, wala hofu, wala nafuu. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyo.

Naondoka alfajiri. Nimeshapakia mizani kwenye gari, ingawa hakuna kilichobaki cha kupima.