Mchanga Mwekundu Ndani ya Mashine ya Madamu Odette

KITUO CHA POLISI, GISENYI
Maelezo ya shahidi, tarehe 16 Agosti 1956, saa tatu asubuhi

Jina: Muhamadi Bizimana
Umri: miaka arobaini na mmoja, kwa hesabu ya mama yangu
Kazi: fundi wa bomba
Makao: Nengo, Gisenyi

Nimekuja mwenyewe, sikuitwa. Nasema juu ya Languida Mukashyaka, mjane anayeosha vyombo kwa Madamu Odette, mliyemfungia hapa tangu juzi eti ameharibu mashine ya kuosha vyombo. Hakuharibu kitu. Sikukuu ya Bikira Maria ya jana ameipitisha humu ndani bure.

Mnamo tarehe 6 Agosti, saa mbili asubuhi, Madamu aliniita niunganishe mashine hiyo na bomba. Ilitoka Ulaya kwa meli. Nilifanya kazi mpaka saa sita. Maji yaliingia, yakasimama yenyewe. Languida alitazama, mikono kiunoni, akaniambia, "Baba Saidati, hii kitu itanifukuza kazi." Madamu alisikia. Neno hilo ndilo lililomponza.

Kuanzia tarehe 11 kila ikiwashwa maji hayasimami, yanafurika mpaka kwenye zulia la sebuleni. Tarehe 14, mara ya tatu, Madamu akaita polisi, akasema Languida anamwagia maji ya ndoo ndani ili abaki na kazi. Walimchukua na aproni yake, miguu peku, analia: "Yesu Maria, mi sikugusa!"

Jana, saa nne asubuhi, niliitwa kutengeneza. Nilikata umeme, maji yakaendelea kupanda. Nikajua kosa si la umeme, wala si la ndoo. Ndani mna boya kama lile la tangi la choo: maji yakipanda nalo hupanda, likafunga bomba. Lilikuwa limekwama chini. Nilifunga maji, nikayachota, nikalifungua. Kwenye chuma chake palijaa mchanga mwekundu, umeshikana na mafuta.

Madamu akapiga kelele, "Voilà, si hivyo! Languida ametia mchanga!" Mimi nikakaa chini katika yale maji. Bwana Brigadie, mchanga wa ziwa hapa ni mweusi. Ule mwekundu nautoa Bugeshi kwa wakwe zangu, nao hukaa katika mkebe wa maziwa ndani ya mfuko wangu wa kazi.

Kwetu chombo kipya hakitumiki mpaka kisuguliwe kwa mchanga, kitoke harufu ya duka. Nani asiyejua? Siku ile ya kwanza, nilipomaliza bomba, niliisugua mashine tumbo lote, kwa moyo mweupe, nikasuuza. Hakuna aliyeniagiza. Mchanga ukabaki pembeni, ukaingia kidogo kidogo kwenye boya. Fundi mzima! Miaka kumi na tisa katika mabomba, nasugua mashine kama sufuria!

Nikamwambia Madamu palepale, "Ni mimi." Akacheka. "Mais non, si wewe, Muhamadi, wewe ni fundi. Yule alisema mwenyewe kwamba itamfukuza kazi." Wallahi, hapo nilishtuka kuliko nilivyoshtuka kwa mchanga. Nilisafisha boya, nikawasha mara tatu, maji yakasimama mara tatu. Akasema Languida akae ndani apate adabu.

Ndivyo ilivyokuwa, sina la kuongeza wala la kupunguza. Kama lazima mtu afungwe kwa mchanga ule, mtu huyo ni mimi. Nimesomewa maneno haya na ni yangu.

(Sahihi) Muhamadi Bizimana

Maandishi ya ofisa: Nimepokea mkebe wa mchanga mwekundu kutoka kwa shahidi. Saa tano nimempigia simu Madamu. Amekiri mashine ni nzima. Hataki shahidi ashikwe, kwa kuwa Jumatatu anamtengenezea bafu. Ila Languida, Madamu hamtaki tena kazini. Mkuu wa kituo ameamuru mwanamke aachiliwe. Shahidi alimweleza yote uani. Mwanamke akasema, "Baba Saidati, si ungeniita mi nisuuze? Kusuuza ndiyo kazi yangu."

Brigadie Bimenyimana