Macho ya Mama Mlangoni

Mwenzangu, uko? Nimemleta mama kwa daktari wa macho. Nimejifungia chooni, nalia.

Unalikumbuka lile neno la Kiingereza, glower, kumtazama mtu kwa hasira? Nilipolifundisha darasani, mfano wangu ulikuwa mama, anavyonikodolea macho nikiingia. Wanafunzi hoi kwa kicheko! Nami nyumbani nikamnunia mama, nikaacha hata kumwamkia.

Kumbe haoni! Mwaka wa pili huu. Mwaka wa pili! Alikuwa anakaza macho ajue nani kaingia.

Nimefungua kamusi hapahapa. Neno lenyewe zamani lilikuwa kukodoa macho tu, hasira ilikuja baadaye. Hata kwa mama, hasira niliiweka mimi.

Kabla sijaingia humu nilimuuliza kwa nini hakusema. Kanijibu, “Ungeniamkia tu, mwanangu. Sauti yako ningeijua.”