Oili Iliyobaki Safi

Baba,

Nimefika Butiama jana jioni. Niliteremka kwanza Bunda kumnunulia mama kitenge, nikachelewa, akanipokea kwa maneno yake yote, unayajua. Leo asubuhi nimepalilia kaburi lako na sasa nimekaa pembeni, karatasi mapajani. Sijafukuzwa kazi. Nianze na hilo, maana nilikuwa najiandaa kukuletea habari nyingine.

Meli ninayofanyia kazi huko ughaibuni sasa inatumia amonia badala ya dizeli. Ni gesi kali, inachoma macho na mapafu, kwa hiyo kwenye chumba cha injini tunaingia na barakoa. Wewe uliyekuwa unanusa kila dipstiki, kile kijiti cha kupimia oili, pale karakana ya Musoma kama mtu anayeonja mchuzi, usingemaliza hata siku moja.

Lakini jicho lako nilikwenda nalo. Ulikuwa unaisugua oili kwa kidole gumba, unaniambia, "Ikikuwaga nyeusi, mwaga. Ikikaa safi, iache ifanye kazi." Kwa boti za dizeli za Kibara hukukosea hata mara moja. Nami nikasugua, nikaona rangi ya asali, nikaandika kwamba oili ni nzima. Sampuli za oili tunazotakiwa kupeleka maabara sikutuma. Mara tatu, Baba. Nilijiona fundi kuwapita wote.

Kumbe amonia haina masizi. Oili yake haiwi nyeusi hata ikiwa imeshaharibika. Gesi ilikuwa inapenya kwenye ringi za pistoni pamoja na maji, inaigeuza oili kuwa ute mzito, huku kwenye dipstiki inang'aa. Siku beringi zilipopata moto tulizima injini haraka. Nikafungua chujio, nikakuta limeziba kwa ute.

Habari ya sampuli hakuijua mtu ila mimi. Nilifunga begi, nikaenda mwenyewe kwa mkuu wa mashine nikamweleza. Alinikaripia mpaka masikio yakawaka. Tulipofungua injini, krenki, ule mhimili mkuu unaozungushwa na pistoni, haikuwa na mkwaruzo. Tukabadilisha beringi mbili tu, naye akanirudisha zamu. Nilijifungia chooni nikalia kwa furaha.

Ila kilichonitesa zaidi hakikuwa kazi. Nilikukasirikia, Baba, halafu nikajichukia kwa kukukasirikia. Niliona kama nikisema kanuni yako imenidanganya, nitakuwa nimekuzika mara ya pili. Leo nimesema kwa sauti hapa kaburini, "Baba, kwenye hii ulikosea." Mama alikuwa anapita na ndoo, akasema, "Mwambie na yale mengine," akaendelea zake. Nimecheka mpaka nikashika mbavu. Moyo umekuwa mwepesi.

Basi pumzika, Baba. Sampuli nitatuma zote, sitaiamini tena rangi. Na nikiulizwa nani alinifundisha kazi, nitakutaja wewe, na nitawaambia pia ulipokosea, wajue nilikuwa na baba wa kweli.

Mwanao,
Nyangeta