Besi Nisiyoisikia

Jumamosi, 4 Mei
Mume wangu kaja na ikwalaiza ya mtumba ya kufunga kwenye redio kubwa. Vijiti kumi vya kupandisha na kushusha: kushoto besi, katikati sauti za watu, kulia zile nyembamba. Tangu saa nne hajala. Kitabu kinasema anza na vyote katikati, gusa kimoja kimoja, na afadhali kupunguza kuliko kuongeza. Kumbe naishi na mhandisi! Kamaliza, kaniuliza, vipi? Nikasema safi. Uongo. Muziki umekonda, hauna tumbo.

Jumapili, 5 Mei
Alipotoka nikapandisha vijiti vitatu vya kushoto mpaka juu. Afadhali — ndiyo kwanza nikasikia gitaa zito. Wifi akaja mbio kutoka jikoni, mikono masikioni. Unataka kubomoa nyumba, wifi? Vikombe vinacheza kabatini! Nikageuka: kweli vinacheza. Nikacheka naye, ila roho imeniruka.

Jumatatu, 6 Mei
Vijiti viko katikati tena. Mume wangu anasema besi ilikuwepo tangu mwanzo, masikio yangu tu yanadeka. Utani wake. Nikaenda kuosha vyombo vilivyokuwa safi.

Jumatano, 8 Mei
Hili siwezi kumwambia mtu. Miaka kumi na tisa ya ukunga, nasikiliza moyo wa mtoto tumboni kwa kipembe cha mbao na masikio haya. Kliniki yetu haina mashine. Na moyo ule kwenye kipembe ni mlio mzito, wa chini — wa vijiti vya kushoto. Leo nilihamisha kipembe mara nne. Mkunga mwenzangu kaja, kainama mara moja tu: huyu hapa, anakimbia. Akanitania, uzee huo, bibi. Naogopa. Wakijua, wataniondoa kwa wajawazito. Na wasipojua?

Ijumaa, 10 Mei
Naandika hapahapa kliniki. Asubuhi alikuja mama wa mimba ya kwanza, miezi minane. Nikainama. Kimya. Nikabana pumzi. Kimya. Akauliza, dada, mzima? Nikasema mzima. Nikaandika mapigo mia na arobaini kwenye kadi yake, namba niliyoizoea. Akashukuru, akaenda zake.

Sikusikia kitu. Hata kimoja.

Kufika saa sita ikanishinda, nikampigia. Kapokea akicheka: nimesahau kitu, dada? Hapo ndipo pa kusema ukweli. Nikasema ndiyo, kadi yako. Kweli ninayo, kwa haraka yangu sikumrudishia. Yuko njiani.

Nimemwomba mkunga mwenzangu asiende kula kwanza, huyo mama akifika amsikilize yeye. Akasema sawa, akanyoosha mkono: lete kadi nione uliandika ngapi. Nimemwambia ngoja kidogo. Bado amesimama hapo mlangoni, mkono ameunyoosha —