Ngoma ya Pepo Haikatizwi

Mjukuu wangu Hawa,

Pokea salamu zetu za Kulesa. Mto umerudi mahali pake na mamako anapanda mpunga tena. Waniuliza kama wazee wetu waliuchukia muziki wa roki. Jamani, Hawa!

Nilipokuwa msichana, kaka yangu alirudi kutoka Mombasa na gramafoni. Alipoweka santuri, Mzungu aliyeimba humo akapiga mayowe, mara kwikwi, mara sauti ikatetemeka. Wallahi nilidhani anachinjwa! Hata kuku walitawanyika. Baba, ambaye hakutaka hata tuimbe tukitwanga, akatwaa mchi aivunje gramafoni.

Nyanya yangu, mganga wa pepo, akamshika mwanawe mkono. “Mtoto wa watu kapandwa na pepo, huoni? Ngoma ya pepo haikatizwi, atakufa!” Akaifukizia gramafoni ubani, huku akipiga makofi.

Baba aliduwaa, mchi juu. Nami nikaduwaa zaidi nilipotazama chini: mguu wake ulikuwa ukicheza.

Santuri ikaisha. Nyanya akashusha pumzi. “Alhamdulillahi, ametulia.”

Baba akakohoa, akaweka mchi chini polepole.

“Hebu rudia,” akamwambia kaka. “Huenda hajapona.”

Ni mimi nyanya yako, ambaye hadi leo sijapona.