Cheti Nilichochukua Bila Kukutamkia

Makambako, Jumamosi asubuhi

Dada Raheli,

Kamwene, dada. Unisamehe kukaa muda wote huu bila kukuandikia. Mvua zimekwisha, njegere zimevunwa, baridi imeingia, na mimi bado najiambia nitaandika Tumaini akipona kikohozi. Si kikohozi, dada. Nilikuwa naogopa, kwa sababu nina kitu chako.

Siku ile ya kugawa nguo zako unaikumbuka, maana nadhani ulikuwepo. Shangazi alitupanga uani kule Njombe, akasema kila mmoja atamke kwa sauti anachochukua, na akutaje jina, usije ukarudi kukitafuta. Nikatamka blanketi. Nikatamka sweta lako la kijani. Cheti sikukitamka, kwa kuwa nilikikuta baadaye mfukoni mwa sweta, kimekunjwa mara nne: ile barua ya sifa aliyokuandikia mama wa Kizungu kwenye mashamba ya miti ya miwati kabla hajarudi kwao. Kiingereza chake sikukielewa, ila jina lako nililiona. Ningemwita Shangazi, bado alikuwa uani anafagia. Nikakirudisha mfukoni.

Baba Tumaini alikwenda kwenye mashamba ya mkonge na hajaandika hata mstari. Maziwa yangu yanapungua. Ndipo nikasikia kwamba hoteli ya hapa Makambako, wanakolala wasafiri wa barabara kuu, inatafuta mwanamke wa kupiga pasi. Mmoja tu. Tulifika kumi na mmoja, ukungu umefunga hata mlango hatuuoni. Nyuma yangu alisimama mama mmoja wa Mahongole, mikono mikavu ya mtu wa kazi, akaniuliza kama nimekuja kupiga pasi au kunyonyesha. Wakacheka. Mimi pia nikacheka, maana kupiga pasi nilikuwa sijui.

Karani akatoka, akasema hapa hawaajiri huruma, wenye vyeti wasogee ukutani. Hakusogea mtu. Nikaingiza mkono mfukoni mwa sweta lako, nikasogea peke yangu.

"Jina?"

"Raheli," nikasema.

Tumaini alikuwa amelala mgongoni. Akaamka, akacheka kile kicheko chake cha kuchezewa kidevu. Nikageuza shingo nione anamchekea nani. Nyuma yangu palikuwa na ukuta.

Unajua pasi ya mkaa nilikuwa nimeishika mara mbili tu, na ile ya pili nikakuunguzia kanga yako ya kanisani. Ulisema, "Lidia, pasi haitaki hasira." Halafu ukaenda kanisani umeifunga hivyo hivyo, palipoungua umepageuzia ndani, na ulipokuwa unaimba ukanitazama mara moja ukatabasamu. Huyo ndiye mpiga pasi aliyesimama mbele ya memsahib mwenye hoteli siku ile.

Lakini kidole changu kilijilowesha chenyewe kwenye ulimi na kuipima pasi. Shati nililopewa likatoka kama halijawahi kuvaliwa. Memsahib akasoma barua yako, akasema humu imeandikwa kwamba najua kukunja vitambaa vya meza vikasimama kama ua kwenye glasi. Dada, ua hilo sijawahi kuliona. Hukunionyesha. Mikono yangu ikakunja sita, mimi naitazama tu. Ilikuwa ya baridi mpaka kwenye viwiko.

Wale wengine wakaambiwa waende. Mama wa Mahongole hakunitukana. Alijifunga kitambaa chake kichwani vizuri, akaingia kwenye ukungu.

Kazi nikapata. Na wewe ukaanza kutafuta.

Kila asubuhi sweta nalikuta msumarini nilipolitundika, mifuko yote miwili imetolewa nje kama ndimi. Cheti memsahib amekifungia kwenye mtoto wa meza, ufunguo anauvaa shingoni. Nikifika kazini nakikuta kwenye meza ya kupigia pasi, kimekunjuliwa, na pasi iko kando yake, ya moto, na mkaa haujawashwa. Memsahib ameniuliza, bila ukali, "Raheli, mbona unaichezea barua yako?" Nikaomba radhi.

Hayo ningeyavumilia. Ila Tumaini ameanza kutamka, na neno lake la kwanza si mama. Ananishika shavu ananiita Haheli. Na juzi sokoni, jirani yangu aliniita Lidia, akaniita tena na tena, mpaka akaja kunivuta mkono. Nilikuwa nimesikia, dada. Nilidhani anaitwa mtu mwingine.

Hapo nikasema hapana. Nakupenda, unajua, lakini hapana. Mtoto nimemzaa mimi.

Leo alfajiri nilikikuta cheti mezani tena, na safari hii sikumrudishia memsahib. Kiko hapa, chini ya kiwiko changu ninapoandika. Basi natamka sasa, kwa sauti, Tumaini akiwa shahidi: Raheli, nilichukua cheti chako. Nakirudisha. Kesho baada ya ibada nitapanda lori la magome ya miwati mpaka Njombe, nitakifukia kichwani pa kaburi lako pamoja na barua hii, na Shangazi nitamweleza yote, anitukane anavyotaka.

Jumatatu nitamwambia memsahib kwamba mimi ni Lidia, sijawahi kufanya kazi kwa Mzungu yeyote, na ninaomba anipime upya. Nitaomba amwite na yule mama wa Mahongole, tupewe shati moja moja. Akinishinda, kazi ni yake, nami nitarudi nyumbani kulima viazi.

Kwaheri, dada yangu. Tumaini atakujua, hilo nakuahidi, ila atakujua kwa kinywa changu: alikuwa na mama mkubwa aliyeimba sauti ya pili na hakuniaibisha mbele za watu.

Ninavyohitaji bado kutoka kwako ni hivi. Soksi ya kushoto ya Tumaini, ile nyekundu uliyomfumia. Imepotea tangu nilipoanza kazi, iache mlangoni. Joto la mikono yangu. Lile ua la kitambaa, lakini unifundishe polepole, kama ulivyonifundisha kumfunga mtoto mgongoni, nilijue mwenyewe. Na Jumatatu, kabla sijabisha hodi kwa memsahib, uniite Lidia. Mara moja tu. Nitageuka. Nikigeuka, nisikuone.